Longwood: nani alimaliza ile ghorofa ya chini?

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Longwood picha zake mshaziona, nyumba ya pembe nane pale Natchez, Mississippi, ina kuba kama kitunguu, sirudii.

Hadithi inayopendwa ni ya vile vifaa. 1861 vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani imeanza, mafundi wa Philadelphia waliokuja kwa kazi ya Samuel Sloan, msanifu aliyeichora nyumba, wakatupa nyundo wakarudi kwao kaskazini, na mpaka leo ukipanda juu unakuta makopo ya rangi na masanduku waliyoacha, vyumba 23 ni tofali na mbao tupu. Watu wanapiga picha kopo. Kopo!

Mimi swali langu ni lilelile, nimeuliza mpaka nachukiwa: ya chini nani aliimaliza? Maana ile imekwisha, vyumba 9, plasta, milango, familia ikahamia. Mafundi si walishaondoka? Walioimaliza ni wale ambao hawakuwa na ruhusa ya kuondoka, watumwa wa Haller Nutt, mwenye nyumba, pamoja na vibarua wa hapohapo. Na tofali zenyewe ni wao. Nyie mliowahi kufyatua tofali kijijini mnaijua ile kazi, unakanyaga udongo, unafyatua, unaanika, mvua inakuja unakimbia kufunika, halafu tanuru unakesha nalo unasukuma kuni, siku ya kwanza tu mgongo umekwisha. Sasa fanya hivyo kwa malaki ya tofali, za nyumba ya mtu, na hulipwi hata senti.

Najua kuna mtu hapo ananong'ona "mzee, si tulikuja kusikia usanifu?" Kwani mimi naongelea nini, kilimo?

Haya chukua huo usanifu wako. Kamba ya mita 40 ukiizungusha mraba unapata eneo la mita za mraba 100, ukiizungusha pembe nane unapata kama 120, ndo hesabu aliyoihubiri Orson Fowler kwenye kitabu chake cha nyumba za pembe nane toka 1848 Wamarekani wakapagawa. Bibi yangu na msonge wake wa duara anapata 127, na hakuandika kitabu.

Vile vioo vya Sloan vya kushusha jua mpaka chini tuviache, mwenyekiti ananionyesha saa. Nutt alikufa 1864, mjane wake Julia akabaki na watoto mlemle chini, juu kunalia upepo. Sasa mkienda msikimbilie ngazi, anzeni chini, na yule anayewatembeza muulizeni hiyo plasta alipiga nani, halafu mniambie kajibu nini.