Mmoja Akiondoka na Basi la Alfajiri

Assalaam alaykum, na habari za jioni. Vijana mliotoka Muheza na jua lile la saa tisa, asanteni zaidi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kumwajiri developa wa lugha ya kompyuta isiyojulikana sana. Ofisini kwetu, hapa Chumbageni, Tanga, tunakatisha tiketi za mabasi, na mfumo wetu umeandikwa kwa Erlang. Nikitangaza kazi ya Java, lugha ya wengi, maombi yanajaa. Nikitaja Erlang, napigiwa simu na mtu mmoja, naye anauliza: "Bosi, hiyo ni kozi ya nini?" (Kicheko.)

Erlang ilianza mwaka 1986 katika maabara ya kampuni ya simu ya Ericsson, Sweden, mikononi mwa Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams. Kilichowasumbua ni mitambo ya simu: watu wengi wanaongea kwa wakati mmoja, na simu yako ikikatika, ya jirani isikatike. Basi kila kazi inapewa mchakato wake mdogo, usiogusa kumbukumbu ya mwenzake. Ukifa, yupo msimamizi wa kuuanzisha upya. Nilipolielewa hilo niliwaona abiria wangu. Tiketi ya Lushoto ikigoma, ya Dar es Salaam isimame kwa kosa gani?

Na msidhani lugha ya wachache ni ya kazi ndogo. Seva za WhatsApp ziliandikwa kwa Erlang. Facebook ilipotangaza kuinunua mwaka 2014, kwa dola bilioni 19, WhatsApp ilikuwa na wafanyakazi 55 na watumiaji zaidi ya milioni 450. Uchache si ugonjwa, ugonjwa ni kuwa na mmoja.

Mimi nilikuwa na mmoja. Akapata kazi Dar, akaaga vizuri, akapanda basi la alfajiri. Saa tatu mfumo ukagoma. Nampigia, yuko Segera, basi limesimama watu wanakunywa chai, na mfukoni ana tiketi iliyokatwa na mfumo uleule! Akanielekeza neno kwa neno huku honi zikipigwa, mimi naandika nyuma ya risiti. Tukafaulu, lakini shati langu lilikuwa limelowa.

Tangu siku ile neno Erlang nimelitoa kwenye tangazo. Naandika tu: anayependa kujua kwa nini kitu kimeharibika. Kwenye usaili nafungua laptopu, naandika mistari miwili: X = 5, kisha X = 6, kila mmoja unafungwa kwa nukta kama sentensi ya Kiswahili. Wa kwanza unapita. Wa pili unakataliwa. Namwuliza msailiwa, kwa nini?

Mmoja alikuja na wasifu wa kurasa nne. Akashauri tuweke toleo jipya. Akafuata binti wa Ngamiani, Erlang hajawahi kuisikia. Akakaa kimya, mpaka nikaanza kumwonea huruma. Kisha akasema: "Hapa alama ya sawasawa haiweki kitu, inalinganisha. X ameshakuwa tano, na tano si sita." Nikafunga laptopu. Miezi miwili baadaye alikuwa anarekebisha kodi yetu, yaani maandishi ya programu, siyo ile ya TRA, bila kuniuliza.

Nani ameuliza pale nyuma? Ndiyo, kwamba ukishamfundisha si ataondoka? Ataondoka, kaka. Hii ni Tanga, waja leo waondoka leo. Kwa hiyo siajiri mmoja tena, na hakuna kodi inayoingia kwenye mfumo kabla mwingine hajaisoma. Mshahara nao, nikubali, nimeupandisha. Developa hali upepo wa Raskazone.

Yule binti sasa anamfundisha mwenzake. Juzi nimewakuta wanabishana, sauti mpaka nje, nikadhani kuna la maana. Kumbe mmoja ameweka mkato mahali pa nukta.