Kumbukumbu Inayoishia Mtukula

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie Vita vya Kagera kwa kuwa Siku ya Mashujaa ni keshokutwa, na nimeambiwa kwa upole nisizidi dakika ishirini. Nitajitahidi. Ila nitaanza na cherehani.

Nyumbani kwetu, hapa hapa Bukoba, kulikuwa na cherehani ya miguu. Mjomba wangu alikuja nayo mwaka 1979 alipotoka vitani, maana alikwenda kama mgambo. Mama alitushonea nguo watoto sita kwa cherehani ile. Ubavuni ilikuwa na kibati chenye jina la duka, lakini jina lenyewe lilikwanguliwa kwa msumari hadi lisisomeke. Nikiuliza imetoka wapi, naambiwa, "Vitani." Utadhani vita ni mji, una maduka. (Kicheko.)

Ilitoka Masaka, Uganda. Nimelijua hilo nikiwa mtu mzima, na mjomba alilitamka mara moja tu maishani mwake.

Sasa, jinsi vita hivi vilivyoanza hakuna Mtanzania asiyejua. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakateka eneo lote la kaskazini mwa Mto Kagera. Daraja la Kyaka likavunjwa. Raia takriban 1,500 wakauawa, ng'ombe wakaswagwa kwenda Uganda, na Amin akatangaza kwamba eneo lile sasa ni lake. Mwalimu Nyerere akasimama akasema maneno ambayo hata mtoto wa darasa la nne anayajua: uwezo, sababu na nia. Wananchi wakatoa ng'ombe, malori, mabasi na watoto wao. Tunasimulia pia habari ya ndege ya Libya iliyotumwa kuipiga Mwanza, mabomu yakaangukia Kisiwa cha Saanane na kuua swala. Hiyo tunaisimulia tukicheka.

Halafu jeshi letu linafika Mtukula, pale mpakani, Januari 1979, na simulizi inakatika. Ukiuliza yaliyofuata, utaambiwa, "Tukampiga, akakimbia." Kati ya Mtukula na huko kukimbia kwake pana miezi kadhaa, na baada ya hapo pana miaka miwili ambayo askari wetu walikaa katika nchi ya watu. Hayo ndiyo ninayotaka tuyaseme leo.

Kabla sijaendelea, mimi ni mtoto wa Kagera. Asitoke mtu hapa akasema nimemtetea nduli Amin. Nimelala darasani na wakimbizi kutoka Missenyi nikiwa mdogo, na ninaamini hadi leo kwamba vita ile ilikuwa ya haki. Lakini mtu mwenye haki naye anaweza kuulizwa alifanya nini njiani.

Mwalimu alikuwa na maelezo yake. Alisema vita ni viwili: cha Watanzania, cha kumtoa mvamizi na kumwadhibu, na cha Waganda wenyewe, cha kumng'oa mtawala wao. Ni hoja nzuri, imepigwa msasa. Tabu ni kwamba risasi haina macho ya kujua iko kwenye vita cha kwanza au cha pili. Masaka ilitekwa tarehe 24 Februari 1979. Ilipigwa mizinga, na ilipokwisha kutekwa, majengo yakalipuliwa kwa baruti, moja baada ya jingine, kwa hasira ya yaliyofanyika Kagera. Mbarara nayo ikapata yake. Waliokuwa na maduka na nyumba katika miji ile hawakuwahi kuvuka mpaka kuja Kyaka. Wengi wao walikuwa wameonewa na Amin miaka minane kabla yetu sisi.

Na cherehani ile ilikuwa ya mmoja wao.

Kampala iliingia mikononi mwetu tarehe 11 Aprili, na watu walitoka mabarabarani wakacheza. Waganda waliwaita askari wetu bakombozi, neno la Kiswahili lililovishwa kilemba cha Kiganda, na hakuna aliyewalazimisha. Tarehe 3 Juni jeshi likafika mpaka wa Sudan. Kama hesabu ingefungwa siku hiyo, pengine mhadhara huu usingekuwepo.

Lakini ukishamng'oa mtawala wa watu, nani anakaa kitini? Yusuf Lule, aliyechaguliwa kwenye mkutano wa Waganda wa uhamishoni pale Moshi mwezi Machi, alidumu siku 68. Alipoondolewa, watu wa Kampala waliandamana kumtaka arudi, na waliolinda amani mjini walikuwa askari wetu. Lule mwenyewe akaletwa Dar es Salaam. Akaja Godfrey Binaisa, naye akaondolewa Mei 1980 na tume ya kijeshi, majeshi yetu yakiwa yapo palepale. Desemba ukafanyika uchaguzi. Akatangazwa mshindi Milton Obote, ambaye kwa miaka mingi ya Amin alikuwa mgeni wetu hapa nchini na rafiki wa rais wetu. Wapinzani wakasema kura zimeibwa. Februari 1981 Yoweri Museveni akaingia msituni, na mwaka huohuo sisi tukaondoka. Yaliyofuata Luwero, kwenye vita vile vya msituni vilivyoua raia wengi, mnayajua, na kama hamyajui, muulizeni Mganda yeyote wa rika langu.

Je, tulimrudisha Obote? Wapo Waganda wanaoapa kwamba ndivyo. Wapo wazee wetu wanaoapa kwamba sivyo, kwamba tuliwaachia wenyewe waamue. Maoni yangu ni kwamba ukiwa na maelfu ya askari katika mji mkuu wa jirani, hata kunyamaza kwako ni kuamua.

Julai 1979, kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika pale Monrovia, wakuu wenzake walimlaumu Mwalimu hadharani kwa kuvunja mpaka wa nchi huru. Nimeery wa Sudan alisema, Obasanjo wa Nigeria akasema. Miaka 21 baadaye, mwaka 2000, Umoja wa Afrika ukaandika kwenye sheria yake ya kuanzishwa kwamba Umoja una haki ya kuingilia kati pale panapotokea mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu. Nasi mwaka 2008 tukapeleka jeshi Anjouan, kisiwa cha Komoro, kumwondoa mtawala wake Mohamed Bacar, na Umoja wa Afrika ukaunga mkono. Afrika ilikuja ikakubaliana na Mwalimu. Lakini kukubaliwa ni kitu kimoja, kuhesabu ni kingine.

Tazameni jirani zetu haohao. Kongo iliishtaki Uganda kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na Februari 2022 Uganda ikaamriwa kulipa dola milioni 325 kwa yaliyotendwa na majeshi yake Ituri na kwingineko. Hiyo ni hesabu ya kuburuzwa. Sisi hatujaburuzwa na mtu, na sidhani kama tutaburuzwa. Ndiyo maana nasema tuna nafasi ambayo Uganda haikuipata, ya kusema wenyewe kabla hatujaulizwa.

Na si Waganda tu tunaodaiwa nao. Wanajeshi wetu 373 walikufa, na kati yao ni 96 tu waliouawa katika mapigano. Waliobaki walikufaje? Wengi mmewahi kufika makaburi ya Kaboya kule Muleba. Majina yamo, sababu hazimo. Vita viligharimu takriban dola milioni 500, Mwalimu akatuomba tufunge mikanda kwa miezi 18, na mikanda hiyo wengine hatujaifungua. (Kicheko.) Bunduki zilizorudi kimyakimya zikaonekana tena mikononi mwa majambazi na wezi wa mifugo. Mgambo wakarudi mashambani, na hakuna aliyewauliza waliona nini.

Jenerali David Musuguri, aliyeongoza mapigano yale, alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Kila mwaka tunazika wengine ambao hawakuwa majenerali. Nyaraka zipo, miaka zaidi ya arobaini imepita, na sioni siri gani ya kijeshi imebaki kwenye daftari la mwaka 1979. Zifunguliwe. Na vijana mlioko hapa mna simu zinazorekodi sauti. Nendeni kwa babu zenu.

Mjomba hayupo tena. Cherehani ipo kwa dada yangu, na bado inashona. Mwaka juzi nilikwenda Masaka, ni mwendo wa saa chache tu ukishavuka Mtukula, nikatembea mtaa wa maduka nikiwa na picha ya kile kibati kwenye simu. Mzee mmoja fundi aliiangalia kwa muda mrefu, akanirudishia simu, akanikaribisha chai. Hakuniuliza nimeipata wapi.

Dakika zangu zimekwisha. Pale nyuma namwona mzee amenyoosha mkono tangu nilipotaja Masaka. Mzee, karibu.