Miaka miwili Florence, na bibi ananiuliza jina la kanga liko wapi

Asalaam aleikum, hamjambo jamani. Leo sipo Florence, kule Italia ninakosomea uchoraji. Hivyo mnavyovisikia ni vikombe vya muuza kahawa anapita nyuma ya nyumba, na hapa si studio, ni uani kwa bibi yangu, Ngamiani, Tanga. Nina likizo ya wiki sita. Wiki ya kwanza nimelala na kula. Ya pili nimemkalisha bibi kitini nimchore, kwa hiyo mtavumilia kelele, maana bibi tangu nimfahamu hajawahi kunyamaza dakika ishirini.

"Mke mwenzangu, hiyo simu inanichukua na mimi?"

Inakuchukua, bibi.

"Ngoja basi nifunge ushungi vizuri."

Haya. Kuna swali mmekuwa mkiniuliza, wengine kwa upole, wengine kwa kejeli kabisa: dada, umevuka bahari, mwaka wa pili huu unachora jicho la sanamu, kwani kuchora kwa kwetu kuna kasoro gani? Nataka kulijibu nikiwa na kazi mkononi, kwa sababu kwa maneno matupu nimeshindwa mara nyingi, hata kwa mama yangu.

Shule ninayosoma ni ndogo, na mwanafunzi mgeni hapewi rangi. Anapewa vijiti vya mkaa, karatasi, na mchoro wa mtu mwingine aunakili. Michoro hiyo imetoka kwenye mkusanyiko wa mchoraji Charles Bargue, aliouandaa pamoja na mchoraji mwenzake Gérôme, ukachapwa na kampuni ya Goupil ya Paris kati ya 1866 na 1871. Mabamba 197, yaani kurasa za michoro ya kunakili, kuanzia jicho na sikio mpaka mwili mzima. Van Gogh, huyu anayejulikana kwa rangi zinazochachamaa, naye alikaa chini akayanakili. Bamba langu la kwanza lilikuwa mguu. Mguu mmoja, kuanzia kifundo kwenda chini. Nilikaa nao wiki tatu.

Siku ya kumi na tano mwalimu akasimama nyuma yangu, akatoa kitambaa, akafuta kisigino chote. Wala hakuomba radhi. Akasema kisigino kimeshuka kwa unene wa kalamu. Unene wa kalamu! Nilikwenda chooni nikalia, siwafichi. Niliporudi nikapima, na kweli, kilikuwa kimeshuka kwa unene wa kalamu.

Baada ya mabamba zikaja sanamu za jipsamu. Ndiyo, jipsamu hii hii mnayopigia dari. Kule wana nakala za vipande vya sanamu ya Daudi ya Michelangelo, aliyoichonga kati ya 1501 na 1504. Sanamu yenyewe ina zaidi ya mita tano, kwa hiyo jicho lake na nyusi yake ni mzigo wa kubeba kwa mikono miwili. Mimi nimekaa na jicho hilo miezi minne. Kwa nini jipsamu na si mtu? Jipsamu haisinzii, haihisi njaa, haina mjukuu wa kumchokoza. Na ni nyeupe tupu, kwa hiyo rangi haikupotezi, unabaki na mwanga na kivuli peke yake. Ukishajua kivuli kinaanzia wapi kwenye kitu cheupe, ndipo utakapojua kinaanzia wapi kwenye shavu la bibi.

Sasa sogeeni niwaoneshe kitu. Huu uzi. Mnaujua? Katani. Nilipoondoka hapa, mjomba alilifunga begi langu kwa kamba ya katani, akaizungusha mara tatu kama anafunga mbuzi, nikamwambia mjomba unanitia aibu uwanja wa ndege. Wiki ya kwanza shuleni tukaambiwa kila mtu awe na uzi wenye kizito mwishoni. Wenzangu wakaenda dukani. Mimi nikachambua uzi mmoja kwenye ile kamba, nikafunga nati ya baiskeli, nikauning'iniza mbele ya jicho. Nikacheka peke yangu, maana nilichokuwa nimeshika ni timazi. Timazi ya mjomba! Mjomba wangu ni fundi mwashi, kajenga nusu ya Mwanzange, na udogoni nilikuwa nikimpelekea chai saiti namwona amefumba jicho moja, uzi umesimama, anatukana ukuta. Alikuwa akisema ukuta ukiuangalia kwa mapenzi unakudanganya.

(Mkonge wenyewe ulikuja hapa kama mgeni, sijui kama mnalijua hilo. Mjerumani Hindorf aliuagiza mwaka 1893, miche 62 tu ikafika hai. Leo unanisaidia kumchora bibi.)

Ndicho nilichokifuata kule, jamani. Kuambiwa kila siku kwamba jicho langu linadanganya, na kuoneshwa linadanganya wapi. Mtu yeyote ukimwambia achore jicho, anachora samaki: umbo la samaki na nukta katikati. Kichwa chake kinajua jicho ni samaki, na mkono unakitii kichwa. Sasa mtazameni bibi. Kope la juu limefunika sehemu ya mboni. Kope la chini halina mstari hata mmoja, ni kivuli laini tu. Jicho la kushoto liko chini kidogo ya la kulia, nimelipima kwa uzi mara nne. Samaki yuko wapi hapo?

Njia yenyewe ni hivi. Ubao wangu nimeusimamisha ubavuni mwa bibi, sawasawa naye. Nimepiga mstari wa chaki sakafuni, hatua sita nyuma. Nikisimama kwenye mstari, bibi na mchoro wanaonekana ukubwa mmoja. Naangalia, nabeba kile nilichokiona kichwani, natembea mpaka kwenye ubao, naweka alama moja, narudi mstarini. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Nikiwa karibu na ubao siruhusiwi kumtazama bibi. Jirani yetu kanichungulia juzi juu ya ukuta akamuuliza mama kama mtoto ana heri.

Na kuna jambo limenishinda hapa ambalo kule sikulitegemea. Studio zote za kule dirisha linatazama kaskazini. Ukifungua kitabu chochote cha mambo haya utaambiwa: mwanga wa kaskazini. Sababu ni kwamba kule Ulaya jua linapita upande wa kusini, kwa hiyo dirisha la kaskazini haliingizi jua moja kwa moja, linaingiza mwanga wa mbingu tu, uliotulia, vivuli havihamihami. Mimi msomi nikafika hapa mwezi wa saba, nikamkalisha bibi kwenye chumba cha dirisha la kaskazini kama nilivyofundishwa. Saa nne asubuhi jua hilo hapo, limempiga usoni, bibi anapepesa macho kama kuku.

Tanga tuko kusini ya ikweta, nyuzi tano hivi. Mwezi wa saba jua letu liko kaskazini! Dirisha la kuchorea ni la kusini. Ukija Desemba mambo yanageuka, jua linapita kusini, ndipo dirisha la kaskazini linafaa. Yaani ukivuma upepo wa kusi, jua liko kaskazini, na ukivuma kaskazi, jua liko kusini. Mvuvi yeyote wa Deep Sea, hapa hapa Tanga, angeniambia bure. Ndiyo maana tumehamia hapa uani, mgongo kwenye ukuta wa jikoni, tumefungua upande wa kusini, na juu tumetandika shuka.

Najua mnalolisubiri. Watu wa uchi. Ndiyo, wapo. Wanalipwa kwa saa, wanakaa uchi, darasa zima linachora, kimya kama msikitini, astaghfirullah kwa mfano huo. Mimi mtoto wa Ngamiani, siku ya kwanza nilichora nyayo. Saa tatu nzima, nyayo. Mwalimu akaja akatazama, akasema nyayo nzuri sana, lakini huyu bwana ana kichwa pia. Mama nilimwambia kweli yote kwenye simu. Akanyamaza, akauliza, "Na manesi je, si wanaona kila siku?" Kisha akabadilisha maneno, akaniuliza kama nakula. Sijui kama ameridhika. Hatujalirudia.

Na dada yake bibi kanitahadharisha kuhusu kuchora sura yenye roho. Sibishani naye, ana dini kuliko mimi. Tumekubaliana picha haitatundikwa chumba anachoswalia mtu. Itakaa hapa baraza ya nyuma na kuku.

Rangi sasa. Hapa ndipo nilipokuwa na hasira zangu. Ngozi tunafundishwa kuanzia na rangi nne, zinazohusishwa na Anders Zorn wa Sweden: nyeupe, njano ya udongo, nyekundu, nyeusi. Ni darasa zuri, kwa sababu uchache unakulazimisha ufikiri. Lakini mifano yote ukutani ni mashavu ya waridi. Siku nilipoleta picha ya bibi kwenye simu kuuliza naanzia wapi, mwanafunzi mmoja akanishauri nichukue ile michanganyiko yao niongeze nyeusi. Jaribuni muone. Inakuja rangi ya jivu, mtu anakuwa kama katolewa kwenye friji.

Nimejifunza kwa kumtazama bibi. Ona paji la uso pale juu, panapong'aa. Hapo si kahawia hata kidogo. Ni buluu, kwa sababu mbingu imekaa pale. Ngozi nyeusi inaonesha mng'ao kwa nguvu kuliko nyeupe, kwa kuwa mng'ao na ngozi yenyewe vimeachana mbali. Na kivuli chini ya taya, ambacho mtu angekipiga nyeusi, kina wekundu, sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu inampiga kutoka chini. Kwa hiyo juu baridi, chini moto. Ile buluu nimeipata kwa nyeusi na nyeupe tu: ukizichanganya ukaziweka jirani na kahawia yenye moto, jicho linasoma buluu. Jicho tena, na uongo wake. Safari hii unanifaa.

"Mke mwenzangu, shingo imekufa ganzi."

Dakika tano bibi, tunakwisha.

Sasa yule aliyesema kuchora kwa kwetu. Mimi sikwenda kule kwa kukidharau cha kwetu. Mzee Edward Saidi Tingatinga, kabla ya kwenda Dar, alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huku huku Tanga. Hakusoma bamba hata moja. Alichukua rangi za baiskeli na vipande vya hadibodi, na mpaka anafariki mwaka 1972 alikuwa amechora miaka minne tu hivi, na jina lake limekuwa jina la uchoraji wenyewe. Chui wake hana kivuli na hakihitaji. Lakini mimi nilikuwa namtaka bibi yangu, huyu, na lile jicho la kushoto lililoshuka. Kwa hilo rangi bapa haikunitosha. Kila chombo na wimbi lake.

Wanaotaka njia: msianze na Italia. TaSUBa, chuo cha sanaa, ipo Bagamoyo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa. Na mkaa, karatasi na timazi mnazo. Mwenye kwenda kule ajue kwamba ada ni nzito, ukifika una siku nane za kazi kuomba kibali cha kukaa, na mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki. Saa zangu mimi nazimalizia kwenye kuosha vyombo. Na usimpe wakala fedha za "kuharakisha viza". Mimi nilimpa mmoja, sina cha kuwasimulia zaidi, simu yake haipatikani mpaka leo.

Haya bibi, njoo uone.

Ngojeni nigeuze simu. Anakuja. Anasogea karibu kabisa, pua inagusa turubai, bibi rangi haijakauka!

"Huyu ndiye mimi?"

Ndiye wewe.

"Hivi ndivyo nilivyozeeka?" Kimya. "Jicho umelipatia. Hili lilishuka nilipomzaa mama yako." Anashuka na macho mpaka mapajani. "Na kanga yangu?"

Ndiyo hiyo, bibi.

"Hii ni kitambaa. Jina liko wapi?"

Jamani. Kule tunafundishwa kufinya macho. Ukifinya macho vitu vidogo vinapotea, unabaki na maumbo makubwa ya mwanga na kivuli, na hayo ndiyo unayapaka kwanza. Nimefinya, maandishi yakapotea, nikaona pindo, nikaona mji wa kanga, nikaona mikunjo mitatu mizuri sana, ningeweza kumwonesha mwalimu yeyote. Herufi zimeyeyuka. Namweleza bibi hivyo, ananitazama kama nimemwambia nimemchora bila pua.

"Hii kanga alininunulia babu yako. Umdhaniaye ndiye kumbe siye. Akajidai hakusoma. Sasa watu wataijuaje?"

Namwambia, bibi, hata nikiandika, kutoka ninaposimama naona "UMDHANIAYE ND" tu, mengine yameingia kwenye mkunjo. Siwezi kuchora nisichokiona.

Mmemwona alichofanya? Amerudi kitini, ameivuta kanga, ameitandaza mapajani kama anaiuza, jina lote nje, mikunjo yangu mitatu kwisha. Wiki nzima ya kazi hiyo.

"Unaona sasa?"

Naona, bibi.

Basi. Nakwenda kukwangua rangi ya mapajani kabla haijashika. Kesho saa mbili asubuhi, kabla ya upepo, tunaanza kanga upya, na chaki ya sakafuni asiifute mtu. Mama, nakuambia wewe, na huo ufagio.