Gharama Iliyojificha Chini ya Pikapu Iliyotumika

Ndugu mwenyekiti, ndugu wakulima na wasafirishaji,

Nimeombwa nieleze ubovu unaozikumba mara kwa mara pikapu zilizotumika, pamoja na fedha inayohitajika kuurekebisha. Naomba nianze na tarakimu mbili kutoka Marekani. Mwaka 2016 kampuni ya Toyota, bila kukiri kosa, ilikubali kumaliza kesi ya kutu ya chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, iliyohusu magari yapatayo milioni 1.5, yakiwamo pikapu za Tacoma za 2005 hadi 2010. Katika kesi hiyo mawakili wa walalamikaji walikadiria kwamba kukagua gari moja kungegharimu dola 60, ilhali kubadilisha chesisi moja kungegharimu dola 15,000 hivi. Fedha ya chesisi moja, basi, ingetosha kukagua magari 250. Bei za kwetu ni nyingine kabisa, lakini pengo la namna hiyo kati ya kukagua na kutengeneza ndilo ninalokutana nalo gerejini.

Kutu hiyo haiishii Marekani. Pikapu zinazotujia kutoka Uingereza, na zile zilizotumika kaskazini mwa Japani, zimepita miaka kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi majira ya baridi. Za hapa pwani zina chumvi yake: iliyobeba samaki imedondokewa na maji ya barafu safari baada ya safari, na maji hayo huingia ndani ya chesisi, mahali ambapo mpira wa kuoshea gari haufiki. Muuzaji hupaka rangi nyeusi nzito, nanyi mkaona chuma kipya. Lala chini ya gari ukiwa na nyundo ndogo, ugonge sehemu iliyo juu ya ekseli ya nyuma na pale springi zinaposhikwa. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti butu, kikaanza kubanduka magamba. Ukikuta kiraka kilichochomelewa hapo, ondoka, kwa maana kubadilisha chesisi ni kushusha bodi, injini na giaboksi, kisha kuvirudisha vyote.

Sasa nije kwenye injini, na nitakaa zaidi kwenye 1KD, ile dizeli ya lita 3.0 iliyofungwa katika Hilux za kizazi cha Vigo, kwa sababu ndizo mnazoniulizia wengi. Injini hii ina sindano nne za kupulizia dizeli ndani ya silinda, na chini ya kila sindano kuna washa, yaani kipete bapa cha shaba cha kuziba upenyo, ndogo kuliko pete ya kidoleni. Washa ikichoka, gesi ya moto kutoka kwenye silinda hupenya pembeni ya sindano na kuingia kwenye oili. Oili hugeuka masizi mazito, masizi hushuka kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio ambalo pampu hunyonyea. Hapo injini huanza kufa kwa kiu huku kijiti cha kupimia kikionyesha kwamba oili imejaa tele.

Mkulima mmoja wa mahindi aliniletea pikapu ya aina hiyo, taa ya oili ikiwakawaka kila anapopanda mlima. Alikotoka aliambiwa abadilishe oili aendelee na safari zake, naye alifanya hivyo mara mbili. Tulipofungua sampo, chujio lilikuwa jeusi na limeganda kama sehemu ya chini ya sufuria iliyokaa kwenye kuni mwaka mzima. Beringi za kranki zilikwisha kulika, na turbo, ambayo nayo hutegemea oili hiyohiyo, ilikuwa imelegea. Kazi ya washa nne, ambayo fundi mzoefu huimaliza ndani ya siku moja, ilikuwa imegeuka kazi ya kushusha injini.

Sindano zenyewe ni gharama ya pili, kwani hufanya kazi kwa shinikizo linalozidi baa 1,000 na hazivumilii dizeli yenye maji au ya kwenye madumu. Sindano inayotiririsha dizeli huunguza kichwa cha pistoni, kwa hiyo mlio wa kugongagonga injini ikiwa baridi usiupuuze hata kama muuzaji anasema dizeli zote hulia hivyo. Mkanda wa taimingi ni nafuu mno ukilinganisha na vali zinazopinda ukikatika. Lakini taa ya T-BELT, inayowaka kukumbusha kubadilisha mkanda huo, inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa, kwa hiyo ombeni kuuona mkanda wenyewe.

Bushi, boljointi, shokapu na krosi za propela sizihesabu kuwa ubovu wa kuwazuia kununua. Ni vitu vya kuchakaa, na bei yake itumieni kumbana muuzaji. Difu, yaani gia zilizo kwenye ekseli, ipimeni kwa kufungua nati na kutazama oili: ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, gari limevuka mto na maji yameingia.

Wengine huniambia kwamba injini ikifa watanunua ya mtumba. Inawezekana, ila itakuja na washa zake za zamani na mtaanza safari ileile. Kwa hiyo washa na chujio vishughulikieni kabla injini hiyo haijafungwa kwenye gari, ikiwa bado iko sakafuni.

Nje kuna pikapu ambayo nimeomba isiwashwe tangu jana jioni. Twendeni tukaiwashe ikiwa baridi, na atakayevaa nguo asizozihofia ndiye atakayetangulia chini yake na nyundo.