Gumba Kwanza: Jifunze Kudonoa Wimbo kwenye Gitaa Kavu

Mugonile, ndugu zangu watazamaji. Karibuni tena hapa Uyole, Mbeya. Wengi wenu mnapiga gitaa kwaya na mnajua kukwangua nyuzi zote kwa pamoja. Leo tunadonoa: gumba linashika besi, kidole cha shahada kinaimba.

Chukua gitaa kavu, lisilo la umeme. Tuni, yaani kaza au legeza nyuzi zitoe noti hizi, kuanzia uzi mnene kwenda mwembamba: E, A, D, G, B, E. Uzi mwembamba kabisa ndio wa 1, mnene kabisa ni wa 6. Asubuhi za Juni na Julai hapa kwetu kuna jambo la kuangalia. Uzi wa chuma ukipoa unakaza na sauti inapanda. Ukiupasha kwa mkono, sauti inashuka. Kwa hiyo usitoe gitaa kwenye chumba cha baridi ukatuni papo hapo. Lipige kwanza dakika chache, ndipo utuni.

Sasa shika C, kodi yetu ya kwanza; kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja. Freti ni nafasi kati ya vyuma vya shingo ya gitaa, hesabu kuanzia upande wa kichwa. Kidole cha pete uzi wa 5, freti ya 3. Cha kati uzi wa 4, freti ya 2. Cha shahada uzi wa 2, freti ya 1. Bonyeza karibu na chuma cha freti, usikae katikati. Donoa uzi mmoja mmoja usikie kama kuna unaokwama.

Mkono wa kulia, gumba peke yake: uzi wa 5, wa 4, wa 5, wa 4. Hesabu moja, mbili, tatu, nne. Endelea. Bado endelea. Najua mnatamani kuingiza vidole, lakini hapa ndipo wengi wanapoharibu. Gumba likiyumba, wimbo wote unayumba, hata vidole vingine viwe hodari namna gani. Kipimo changu ni hiki: mtu akuulize habari za nyumbani, umjibu, na gumba lisisimame. Ukiweza hivyo, twende mbele. Kama bado, simamisha video, rudia.

Karibu, tunaingiza shahada. Hesabu: moja, mbili-na, tatu-na, nne. Gumba linapiga kwenye namba; shahada inapiga kwenye "na" tu. "Na" ya kwanza, uzi wa 1. "Na" ya pili, uzi wa 2. Tazama mkono wangu: shahada inavuta kuelekea kiganjani, kidogo sana, kisha inarudi. Ukiuinua mkono wote, umechelewa tayari.

Mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, alipiga kwa gumba na shahada tu, huku akiimba kwa Kiswahili. Katanga imepakana na eneo la migodi ya shaba ya Zambia, ambako wazee wetu wengi wa Rungwe walikwenda kutafuta kazi. Mtafuteni mumsikilize. Utaapa wako watu wawili.

Turudi. Kutoka C kwenda F ndogo, yaani F ya nyuzi nne tu, si F minor, pete inabaki freti ya 3 lakini inahamia uzi wa 4. Cha kati kinabaki freti ya 2, kinahamia uzi wa 3. Shahada haiondoki, inalala tu ifunike uzi wa 2 na wa 1. Gumba sasa linapiga wa 4 na wa 3.

G7 ni kinyume chake, vidole vinatanuka kwenda nje. Ukiwa C, pete inatoka uzi wa 5 kwenda wa 6, cha kati kinatoka wa 4 kwenda wa 5, shahada inatoka wa 2 kwenda wa 1. Freti ni zile zile. Napenda sana sehemu hii, maana ukishaielewa huhitaji kukariri picha za kodi. Gumba linapiga wa 6 na wa 4, linauruka wa 5.

Unganisha: C mara mbili, F mara mbili, C mara mbili, G7 mara moja, malizia C. Mdundo wa mkono wa kulia haubadiliki. Sikiliza uzi wa 1 na wa 2 kodi zinapobadilika: tayari wimbo umejitokeza, na hujaongeza kidole hata kimoja.

Piga polepole kiasi cha kuona kodi inayofuata kabla hujaifikia. Ukikosea "na", iache ipite, gumba lisisubiri. Zunguko likitulia, anza kuuimba kwa mdomo wimbo wa shahada, bila maneno, wakati vidole vinaendelea. Maneno tutayaweka juu yake video ijayo, na hapo tutaanzia moja kwa moja kwenye zunguko hili.