Zabibu na Udongo Wake: Mhadhara kuhusu Mvinyo wa Ureno

Mabibi na mabwana, karibuni. Nianze na maneno mawili mliyokuja nayo kutoka nyumbani: mvinyo na pipa. Yote mawili tuliyapata kwa Wareno, na huko kwao pipa ni kipimo hadi leo. Pipa moja la mvinyo wa Porto ni lita 550. Tutalijaza kabla hatujaachana.

Anayeshika chupa ya Ureno kwa mara ya kwanza hutishwa na majina. Zabibu za kienyeji zinapita 200, na nyingine zina jina zaidi ya moja. Ile inayoitwa Tinta Roriz katika bonde la Douro, ukishuka Alentejo ni Aragonez, ukivuka mpaka kuingia Hispania ni Tempranillo. Fernão Pires ikifika Bairrada inakuwa Maria Gomes. Msijisumbue kukariri. Ulizeni udongo, maana ndio ulioamua zabibu gani ikae wapi.

Tazameni Colares, karibu na Sintra, pwani ya Atlantiki. Zabibu yake ni Ramisco. Juu ni mchanga mtupu, chini kabisa ni udongo wa mfinyanzi. Mche ukiishia mchangani utakufa kwa kiu, kwa hiyo huchimbwa handaki hadi kwenye mfinyanzi, mche ukasimikwa huko, kisha mchanga ukarudishwa kidogo kidogo kadiri mzabibu unavyorefuka. Kuta za handaki la namna hiyo huporomoka bila taarifa. Zamani wachimbaji walivaa kikapu kichwani, ili mtu akifukiwa abaki na hewa kidogo hadi wenzake wamfukue.

Jasho hilo lina malipo yake. Filoksera, mdudu mdogo anayeshambulia mizizi, aliteketeza mashamba ya Ulaya katika karne ya 19, na ndiyo sababu karibu kila mahali huko mizabibu hubebeshwa kwenye mashina ya Kimarekani. Mchangani mdudu huyo hapiti. Ramisco ya Colares ingali imesimama kwa mizizi yake yenyewe. Kwa ajili ya upepo wa bahari, mizabibu huachwa itambae chini, nyuma ya nyua za matete. Vichala vikikaribia kuiva, matawi huinuliwa kwa vijiti vifupi, la sivyo mchanga wa moto huviunguza. Mvinyo wake una tindikali kali na ukakasi wa bibo bichi. Usiufungue ukiwa mchanga, na hapa nasema umri. Upe miaka kumi.

Sasa Douro, eneo ambalo mipaka yake iliwekwa mwaka 1756, enzi za Marquês de Pombal, waziri wa mfalme wa Ureno. Milima yake ni ya shisti, mwamba wa tabaka tabaka, na mizizi hujipenyeza kwenye nyufa kufuata maji. Zabibu yake, Touriga Nacional, ina punje ndogo na maganda manene. Mavuno yake haba, rangi yake nzito.

Rangi ndiyo shida ya Porto, mvinyo mtamu wa bonde hili. Maji ya zabibu hukaa na maganda siku mbili au tatu tu, kwa hiyo rangi lazima ikamuliwe upesi kutoka kwenye maganda. Zabibu humwagwa ndani ya lagar, birika pana la mawe ya matale, zikakanyagwa kwa miguu. Mwanzoni, kwa saa mbili hivi, wakanyagaji hushikana mabega na kwenda hatua kwa hatua kama gwaride. Baada ya hapo kila mtu huru. Mguu hupasua ganda bila kuvunja mbegu, na mbegu ikivunjika uchungu wake hautoki tena. Sukari ikibaki kama nusu, kwa kila lita 435 humiminwa lita 115 za brandi ya zabibu yenye kilevi cha asilimia 77. Hamira inakufa, utamu unabaki, kilevi kinafika asilimia 19 hadi 22. Pipa letu limejaa. Ukichelewa kumimina, utamu umeshaliwa. Ukiwahi, unapata sharubati iliyopauka.

Vinho Verde, kaskazini-magharibi, ni nchi ya mvua. Mizabibu huinuliwa kwenye vichanja hewa ipite, ukungu usishike. Zabibu ya huko iitwayo Alvarinho, iliyo bora ni ya Monção na Melgaço. Bairrada ina Baga, inayochelewa kuiva: mvua za Septemba zikiwahi, vichala vyake vilivyobanana huoza, mkulima akivuna mapema kuzikimbia, mvinyo unakereketa. Madeira inataka jioni yake peke yake.

Namalizia na Alentejo, kwenye mitungi ya udongo iitwayo talha. Zabibu huchachukia humo pamoja na maganda, ambayo hupanda juu na kuziba. Lazima yazamishwe kwa mti kila siku, mara mbili au zaidi. Yakiachwa, gesi inakosa njia na mtungi unapasuka. Baadaye maganda hutuama chini. Tarehe 11 Novemba, siku ya Mtakatifu Martin, bomba hupigiliwa karibu na kitako cha mtungi, na maganda yenyewe ndiyo chujio. Mvinyo wa kwanza hutoka umevurugika. Hurudishwa juu, unashuka tena, hadi uje mwangavu.