Anayeogopa si Mtoto

Kamwene! Asanteni kwa kuja, na poleni na baridi.

Wengi mnanifahamu kutoka kliniki ya mama na mtoto. Leo sikuleta mzani wala chanjo. Nimeleta jambo ambalo nikilitaja pale kliniki, mama huinamisha macho akaanza kumfunga mtoto mgongoni: kupima watoto VVU.

Mtoto wa mama anayeishi na VVU tunampima akiwa na wiki 4 hadi 6. Tunakipasha kisigino joto, tunakichoma kidogo, kisha tunadondosha damu kwenye kikaratasi chenye maduara, duara moja baada ya jingine. Kikaratasi kinaachwa kikauke, ndipo kinapelekwa maabara. Mtoto analia, akipewa ziwa ananyamaza. Kipimo cha haraka cha watu wazima hakifai kwa umri huo. Kile kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza kupambana na virusi, na mtoto huzaliwa na kingamwili za mama yake, ambazo zinaweza kukaa mwilini hadi miezi 18. Kinaweza kusema anao, kumbe hana.

Sasa, kinachotukwamisha si sindano. Majibu ya mtoto yanafichua hali ya mama. Mama amekaa mbele yangu, lakini mawazo yako nyumbani: baba wa mtoto atasemaje, mama mkwe atasemaje, leo nitalala wapi? Ndiyo maana naumia nikisikia mama wa namna hii anaitwa mzembe. Akina baba mliokaa kule nyuma, nawaomba kwa heshima, njooni naye kliniki. Mkiyapokea majibu pamoja, hatakuwa na siri ya kubeba peke yake njia nzima.

Na muda hautusubiri. Mtoto mwenye maambukizi asipopata dawa, karibu nusu yao hawafikishi miaka 2. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa watoto wachanga walioanzishiwa dawa mapema, vifo vyao vilipungua kwa asilimia 76.

Bibi mmoja aliniambia, "Mjukuu wangu ana miaka 8, angekuwa nao si angeshakufa?" Hapana, bibi. Wapo wanaofika umri huo bila kujulikana. Masikio yanatoa usaha kila mara, mtoto hakui, anapata mkanda wa jeshi, na sisi tunasema amerogwa. Huyo naye apimwe, hasa kama mama yake alifariki na hatujui alikufa kwa nini.

Wapo pia wanaosema kumpima kijana ni kumfundisha uasherati. Tangu sheria ya UKIMWI hapa Tanzania irekebishwe mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kuridhia kupimwa mwenyewe. Wengine walizaliwa nao, jamani! Hawakufanya lolote.

Mwenye mtoto ambaye hana uhakika naye, aje na kadi yake ya kliniki. Kama kadi imepotea, aje hivyo hivyo. Na bibi, wewe uliyenyoosha mkono mapema, uliza, nakusikiliza.